Nusu Inchi Upande wa Kushoto

Nilikuwa na miaka thelathini na moja, na katika benchi lote lile mimi peke yangu ndiye niliyekuwa sijawahi kuitwa bibi.

Wenzangu walikuwa saba. Mmoja alikuwa akifuma sweta la mjukuu, wawili walikuwa wakisimuliana habari za wakwe zao, mwingine alikuwa amesinzia mdomo wazi, mkoba mapajani. Walikuwa wametulia kama watu wanaosubiri zamu benki. Saratani ilikuwa imewakuta wamekwisha kufanya mengi ya kwao, nami niliwaonea wivu. Nalisema bila haya, niliwaonea wivu wanawake wazee wagonjwa.

"Na wewe mwanangu, una wangapi?" aliniuliza yule wa sweta.

"Sina, bibi."

"Utapata. Bado mbichi wewe." Akarudi kwenye sweta lake.

Mkobani mwangu kulikuwa na karatasi niliyoibeba siku tisa. Ilikuwa ya kukubali dawa za dripu, na pale chini panapotakiwa sahihi palikuwa peupe. Daktari wetu, mwanamke mfupi mwenye miwani ya kamba shingoni, hakunificha kitu. Alisema saratani ya titi kwa wazee mara nyingi hutembea, na kwa vijana mara nyingi hukimbia. Yangu ilikuwa inakimbia, na haikuwa ya aina inayotulizwa na vidonge vya homoni. Ilitakiwa dawa kali kwanza, kisha kisu. Na dawa hiyo, alisema akiwa ameivua miwani, ingeweza kunifungia uzazi. Hospitali za kuhifadhi mayai ya mwanamke zipo, lakini hata ya karibu ilikuwa mbali na foleni yake ilikuwa ya miezi.

"Sikulazimishi," alimalizia. "Ila usikae nayo sana karatasi hii."

Nikakaa nayo. Asubuhi ile nilikuwa nimekwenda kumwambia kwamba nataka kusubiri mwaka mmoja, nipate mtoto kwanza. Mtoto huyo ningempata na nani, hilo sikuwa nimelifikiria, maana wiki sita kabla nilikuwa nimemwacha mwanamume pekee niliyetaka awe baba yake.

Watu walimwita Futi, kwa ajili ya futi ya kupimia ambayo haikutoka shingoni mwake. Wenye mizaha walidai analala nayo. Tulishona pamoja miaka mitano, katika chumba chenye dirisha moja, vyerehani viwili vikitazamana. Mimi nilishona nguo za kike, yeye za kiume, na pasi ilikuwa moja, kwa hiyo ugomvi wetu wa kwanza, wa pili na wa kumi ulikuwa wa pasi. Redio yetu ilishika kituo kimoja tu, na hicho nacho mpaka mtu aushike waya wake wa nyuma. Siku za mvua, wateja wakikosekana, tulipokezana zamu. Dakika kumi mimi naushika waya yeye anashona, dakika kumi yeye anaushika mimi nashona. Mpaka leo nikisikia redio inayokwaruza, moyo wangu unarudi mle chumbani bila kuniomba ruhusa.

Alikuwa mdogo wangu kwa miaka mitatu. Alikuwa ameanza kushona tangu akiwa na miaka kumi na sita, kabla hatujajuana, lakini matundu ya vifungo nilimfundisha mimi, na sikuacha kumkumbusha.

Sasa, fundi hajipimi mwenyewe. Ukiinua mikono kujizungushia futi, kifua nacho kinainuka, kipimo kinadanganya. Kwa hiyo tulipokubaliana kuoana, gauni langu la harusi alinipimia yeye. Alinizungushia futi kifuani, akasoma namba, kisha akainama kwenye daftari la vipimo kwa bidii ambayo sijawahi kuiona kwa mwanadamu. Masikio yalikuwa yamemwiva.

"Andika vizuri," nilimwambia.

"Naandika."

"Umeandika kwenye ukurasa wa suruali za mzee wa duka la chuma."

Akatazama. Kweli. Tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Sijawahi kupendwa na mtu yeyote kama nilivyopendwa dakika ile, na hakuna neno la mapenzi lililosemwa.

Miezi minne baadaye nikalijaribu gauni. Kulia lilikaa kama limemiminwa juu yangu. Kushoto likavuta.

"Umenipima vibaya wewe," nilimtania.

"Labda nilikuwa nakutazama usoni badala ya namba," alijibu, pini zikiwa mdomoni.

Akaachia mshono wa kushoto nusu inchi, likakaa vizuri, tukaendelea na maisha. Mimi mwenyewe nilikuwa nimekwisha kuachia mishono ya blauzi tatu, zote upande huohuo, nikilaumu vitambaa kwamba vinanywea vikifuliwa. Ndivyo tulivyo mafundi. Nguo ikibana, tunaishughulikia nguo, wala hatukumbuki kuuliza mwili una nini.

Nilipokuja kugusa bonge titini kwa vidole vyangu, nilikwenda zahanati. Kijana aliyenihudumia hakuinua hata kichwa. "Wewe bado msichana. Ni homoni hizo. Ukizaa litayeyuka." Nilimwamini kwa sababu nilitaka kumwamini. Baadaye hata picha ya kwanza haikuona kitu. Matiti ya vijana yamejaa, waliniambia, bonge linapotelea humo. Miezi mitano ikaenda hivyohivyo. Walipokata kipande wakakipima na majibu yakarudi, nilimwambia Futi nimemchoka.

Haya yote yalikuwa kichwani mwangu pale kwenye benchi mlango ulipofunguka na mama yake Futi akaingia.

Nilimjua kwa mwendo kabla ya uso. Alikuwa mkunga, alistaafu baada ya miaka thelathini na miwili wodini, na hata siku ile alitembea kama anayeitwa na mtu mwenye uchungu. Huyu ndiye aliyesimama sebuleni kwake mwaka uliopita akanitamkia bila kupepesa macho: "Sina ubaya na wewe, lakini umemzidi mwanangu umri. Nimewazalisha wake za watu wote mtaa huu. Wajukuu wangu mimi nitawashika lini?" Ndoa yetu ikawa inasogezwa mbele kila mwezi kwa sababu ya maneno hayo.

Nafasi pekee iliyobaki kwenye benchi ilikuwa kando yangu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Akaketi, akauweka mkoba, akanitazama vizuri. "Umemleta mama yako?"

"Mama yangu hajambo. Yuko nyumbani."

Macho yake yakashuka kwenye kadi ya kijani niliyoishika, kadi ya wagonjwa wa saratani ya titi. Naye alikuwa na ya kijani.

"Lipi?" aliuliza. Mkunga hapotezi maneno.

"La kushoto."

"Langu la kulia. Mimi bonge nililikuta nikiwa naoga. Lilitoshana na punje ya kunde. Daktari anasema huenda lilikuwemo humo miaka mitano, limejikalia tu, halina habari na mtu. Wamelitoa pamoja na titi mwezi uliopita. Sasa nameza kidonge kimoja kila asubuhi, basi. Lako?"

"Langu mwaka juzi halikuwepo. Sasa ni kama limau dogo."

"Ulikwenda mapema?"

"Nilikwenda. Waliniambia mimi bado msichana, nikizaa litayeyuka."

Alifumba macho. Nilidhani anaomba, kumbe alikuwa anahesabu.

"Maneno hayo nimeyasema mimi," alisema taratibu. "Kwa mdomo huu. Msichana anakuja, ananiambia mama mkunga nina kitu hapa, namwambia ni maziwa hayo, ni ujana huo, nenda nyumbani. Miaka thelathini na miwili. Wala sijui ni wangapi niliowarudisha nyumbani."

Ningeweza kumkasirikia, na kwa kweli nilikuwa nimeiweka akiba hasira ya kumpa siku tukikutana. Lakini alikuwa akiikunjakunja kona ya kadi yake, nami hasira yangu sikuiona ilikokwenda.

"Titi langu mimi lilimaliza kazi yake zamani," aliendelea. "Limenyonyesha wanne. Walipokuwa wananipeleka kulikata, nililiambia moyoni, ahsante, nenda salama. Lako wewe halijaanza hata kazi."

Nikalia. Tangu majibu yatoke watu walikuwa wameniambia nijikaze, nina nguvu, mimi kijana nitapona haraka kuliko wazee. Hakuna aliyekuwa amesema jambo lile wazi hivyo, na kulisikia kutoka kwake yeye, kati ya watu wote, kulinimaliza kabisa. Yule bibi wa sweta akanipa kitambaa bila kuuliza.

"Ndiyo sababu ulimwacha mwanangu," Mama alisema.

"Ulisema unataka wajukuu."

"Nilisema." Alijifuta pua kwa kiganja, kama mtoto. "Nilidhani mwenye haraka ni mimi, kwa vile mimi ndiye mzee. Na hiyo karatasi ni ya nini?"

Nilikuwa nimeitoa mkobani bila kujua. Akaichukua, akaishika mbali na uso ili aisome, akafika chini.

"Haina sahihi."

"Nataka kumwomba daktari nisubiri mwaka mmoja. Nipate mtoto, kisha ndiyo nianze."

Mama alinigeukia mwili mzima, na yule mkunga aliyewatisha manesi vijana akarudi palepale.

"Nisikilize vizuri, sitarudia. Nimezalisha watoto ambao mama zao hawakuwaona wakitambaa. Mimi ndiye niliyewafunga nguo watoto hao, nikatoka nao koridoni, nikawapa baba zao. Unajua baba anavyoshika mtoto wa namna hiyo? Haangalii mtoto. Anaangalia ule mlango niliotokea. Usije ukanitoa ustaafuni nikambebee Futi mtoto namna hiyo. Umenisikia?"

"Futi hayumo tena, mama."

"Hayumo wapi? Yuko pale dirishani anachukua namba yangu."

Nilisimama, nikamnyang'anya karatasi yangu, nikatafuta mlango wa pili. Mama alinishika kifundo cha mkono. Mkunga akikushika, umeshikwa. Vidole vyake vilinibana na sikuweza kuvitikisa.

"Mama, niachie. Tafadhali. Sitaki anione hapa."

"Keti."

"Atanihurumia!"

"Na akuhurumie. Kuna ubaya gani? Keti, watu wanatutazama."

Kweli walikuwa wanatutazama, hata yule wa kusinzia alikuwa ameamka. Nikaketi. Na Futi akatokea kwenye kona, futi shingoni, kikaratasi cha namba mkononi, chupa ya maji kwapani. Alikuwa amekonda. Shati lake lilikuwa na kifungo kisichofanana na vingine, fundi mzima, na hilo ndilo lililoniumiza kuliko kukonda kwake.

"Mama, wewe ni wa kumi na tatu, kwa hiyo..." Akaniona.

Sijui tulitazamana muda gani. Najua kwamba macho yake yalipita usoni kwangu, yakashuka kwenye blauzi yangu, yakatulia kwenye mshono wa kushoto. Si mtazamo wa mwanamume kwa mwanamke. Ulikuwa mtazamo wa fundi. Alikuwa anapima.

"Kushoto," alisema.

Sikuwa nimefungua mdomo. "Nani kakwambia?"

"Nilikupima mimi." Alipiga goti mbele yangu, chupa ikamwanguka ikamwaga maji na hakuiokota. "Ulipoondoka nilifungua daftari. Kipimo cha kwanza kilikuwa kwenye ukurasa wa yule mzee wa suruali, lakini kilikuwa sawa. Mkono wangu haukukosea. Na nilijua haukukosea siku ileile ya gauni. Fundi aliyeshona miaka kumi na miwili hawezi kukosea upande mmoja tu. Nilijua kuna kitu, nikaachia mshono, nikanyamaza. Ningekuuliza siku ile..."

"Hata mimi niliachia tatu, Futi. Blauzi tatu. Tena mwili wangu mwenyewe."

"Ningekuuliza."

"Ungeniuliza ningekujibu umenipima vibaya."

Akacheka kidogo, kicheko kilichojaa maji. Mama alikuwa ameachia mkono wangu, sasa anajifanya kutafuta kitu mkobani.

"Uliniambia umenichoka," Futi alisema.

"Nilidanganya."

"Najua. Uliniambia huku unashona kifungo ambacho tayari kilikuwa kimeshonwa. Ulikishona mara mbili. Nilikaa kimya nikidhani una sababu zako, utarudi mwenyewe." Akatikisa kichwa. "Mimi kazi yangu ni kukaa kimya tu, naona."

Nilipiga moyo konde. Kama yalikuwepo maneno ya kusema, ilikuwa ni pale, mbele ya mabibi saba na mama yake.

"Dawa wanayotaka kunipa ni kali. Nywele zitakwisha. Baada yake watakata titi. Na huenda nisizae tena maishani. Huenda pia nisipone, hii yangu si kama ya mama. Wewe una miaka ishirini na minane. Unataka mtoto, usiniambie hutaki. Nimekuona unavyowapima watoto wa wateja, unavyochelewa makusudi ili wakae."

Nilingoja aniambie mtoto si kitu. Ningemchukia kama angelisema hilo, na pengine ningeondoka kweli.

"Nataka mtoto," alisema. "Nimetaka siku zote. Sitakudanganya hata leo. Ikiwa hatutapata, nitahuzunika, nitalia hata. Lakini nitalia nikiwa na wewe. Hizi wiki sita nimelia peke yangu, na nakwambia hazifai."

Bibi wa sweta alipenga kamasi kwa sauti.

Nilimtazama tu yule mwanamume aliyepiga goti sakafuni, goti lake likiwa ndani ya maji ya ile chupa, na nikatamani miaka yetu mitano irudi, na mvua zake na redio yake. Nilitamani sana, kwa uchungu, kama mtu anavyotamani kitu anachojua hakirudi. Tusingeshona tena tukiwa watu walewale. Hilo nililijua. Kisha nikatambua kwamba nilikuwa nimelilia miaka iliyopita wiki sita mfululizo, na ile ijayo sikuwa nimeiomba hata mara moja. Nikaiomba. Niliitaka, hata ikija bila nywele na bila titi na bila mtoto.

"Nani ana kalamu?" niliuliza.

Kalamu nne zilitoka mikobani kwa mpigo. Nikaweka karatasi juu ya paja, nikatia sahihi. Iliandikika vibaya, imepinda.

Nesi akatoka na orodha, akaliita jina langu, akatutazama juu ya karatasi zake. "Aliyeitwa aingie na mtu wake mmoja. Mmoja tu, chumba kidogo."

Nilisimama. Futi akasimama. Halafu akakwama, maana alikuwa amemleta mama yake, na namba kumi na tatu ilikuwa bado mkononi mwake. Akamgeukia.

"Mama..."

"Unanitazama nini?" Mama alimpokonya kile kikaratasi. Alikuwa amekunja uso kwa ukali wake wote, na machozi yanamtiririka juu ya ukali huo. "Mimi nina miaka sitini na minane, daktari naongea naye mwenyewe. Mfuate mkeo."

Hatukuwa tumeoana. Futi alinishika mkono, tukaingia.